Kabla ya Kubadilisha Diodi, Jua Imekufa kwa Nini

Paneli ya sola yenye seli 36, ile ya kawaida ya kuchaji betri ya volti 12, ikipigwa na jua la saa sita bila kuunganishwa na chochote hutoa volti 21 hivi. Ukiipima pale Mikindani au Mchinga ukakuta volti 10 na kitu, na kioo ni kizima, seli hazina doa, nyaya zimekaza, usikimbilie kununua paneli nyingine. Fungua kiboksi cheusi kilicho mgongoni mwake. Mara nyingi utakuta diodi mbili, yaani vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, na dalili zote zinaonyesha kwamba moja imepiga shoti na kuifuta nusu nzima ya paneli. Kuibadilisha ni kazi ya muda mfupi na spea yake ni ya bei ndogo.

Kinachotusumbua ni hatua inayofuata. Fundi anatoa iliyokufa, anaweka nyingine inayofanana nayo kwa umbo, paneli inarudi juu ya bati, na msimu unaofuata inashushwa tena na ugonjwa uleule. Diodi haifi bure. Inauawa na volti iliyozidi, au mkondo uliozidi, au joto, na kwa ukanda wetu wa pwani chumvi huwa nyuma ya hilo la mwisho mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ukijua kilichoiua, kuchagua ya kuweka badala yake kunakuwa rahisi.

Ndani ya kipande kile cheusi

Silikoni safi haipitishi umeme vizuri. Kila atomi yake ina elektroni nne za nje, na zote nne zimeshikana na za jirani. Ikichanganywa na fosforasi kidogo mno, ambayo ina elektroni tano za nje, kila atomi ya fosforasi inabakiza elektroni moja isiyo na wa kushikana naye, nayo inakuwa huru kutembea. Upande huo huitwa N. Ikichanganywa na boroni, yenye elektroni tatu, linabaki tundu linalongoja elektroni, na upande huo ni P. Kipande kimoja cha silikoni chenye P huku na N kule ndicho diodi. Mguu wa P ni anodi, mguu wa N ni kathodi, na mstari uliochorwa mwilini huonyesha kathodi.

Pale P na N zinapokutana, elektroni huvuka na kujaza matundu ya jirani, na nyuma yake unabaki ukanda mwembamba usio na chochote cha kubeba umeme. Ukanda huo una volti yake inayozuia zilizobaki zisivuke. Ukiweka chanya kwenye anodi na hasi kwenye kathodi, ukanda unapungua unene, na ukifika volti 0.6 hadi 0.7 kwa diodi ya silikoni mkondo unapita kwa wingi. Ukigeuza, ukanda unanenepa na mkondo unazuiwa, isipokuwa uvujaji mdogo sana. Joto likipanda, volti ile ya kufungulia inashuka kwa takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na uvujaji wa kinyume unaongezeka karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10. Huo uvujaji uweke akilini, utarudi kwenye habari ya sola.

Mwaka 1940 Russell Ohl wa Bell Labs, Marekani, alikuwa akipima kipande cha silikoni chenye ufa. Alipokimulika, kikatoa volti. Mpaka wa P na N ulikuwa umejitengeneza wenyewe ndani ya kipande kile. Kwa hiyo sola na diodi ni ukoo mmoja, na kila seli katika paneli yako ni diodi pana iliyolazwa juani. Hilo linajibu swali linaloulizwa sana, kwamba je, paneli hunyonya betri usiku? Betri ya volti 12.6 ikigawanywa kwa seli 36, kila seli inapata volti 0.35 tu, chini ya kiwango cha kuifungua. Hunyonya, lakini kidogo sana.

Namba tatu

Karatasi ya vipimo ya diodi ina mistari mingi. Za kuanza nazo ni tatu: volti ya kinyume inayoweza kuizuia, mkondo inaoweza kuupitisha, na volti inayojikatia njiani wakati wa kupitisha.

Volti ya kinyume ndiyo inayopuuzwa zaidi. Diodi za 1N4001 hadi 1N4007 zina umbo moja na zote ni za ampea 1. Tofauti ni kwamba ya kwanza inazuia volti 50 na ya mwisho volti 1000. Umeme wa nyumbani wa volti 230 hupanda hadi kilele cha volti 325. Ukitumia diodi moja na kapasita (kifaa kinachotunza umeme kwa muda) kuunyoosha moja kwa moja, yaani kuufanya uende upande mmoja tu, kapasita inabaki na 325 upande mmoja huku umeme ukigeuka na kufika 325 upande wa pili, na diodi inajikuta kati ya volti 650. Ukiweka 1N4004, ya volti 400, itapasuka tu. Kwenye daraja la diodi nne kila moja hubeba 325, kwa hiyo 1N4004 inaonekana inatosha, lakini umeme unapokatika na kurudi huja na miruko mirefu. Bei za ndugu hawa saba zinakaribiana sana, kwa hiyo shauri letu ni kuweka 1N4007 peke yake kwenye kopo la spea na kusahau nyingine.

Mkondo ulioandikwa nao una masharti. Ampea 1 ya 1N4007 imeandikwa kwa hewa ya nyuzi 75 inayoizunguka, miguu ikiwa na milimita 9.5. Ikipitisha ampea hiyo inajikatia karibu volti 1, maana yake inazalisha karibu wati 1 ya joto ndani ya mwili wa milimita 5. Ndani ya kasha la plastiki lililofungwa chini ya bati, pamoja na transfoma ya moto, hizo nyuzi 75 haziko mbali. Kwa makasha ya namna hiyo, kwetu Lindi na Mtwara, tumia nusu ya mkondo ulioandikwa. Unahitaji ampea 1 mfululizo? Weka 1N5408, ya ampea 3. Joto la diodi ndogo hutoka kupitia miguu kwenda kwenye shaba ya bodi, hivyo lehemu kwenye shaba pana. Kama shaba ni nyembamba, inyanyue diodi milimita 5 hadi 10 juu ya bodi, la sivyo bodi itakuwa nyeusi na risasi italegea.

Volti inayokatwa njiani ndiyo sababu ya kuwepo diodi za Schottky, ambazo hazina P na N bali metali iliyogusana na silikoni. Hukata volti 0.2 hadi 0.45. 1N5819 ni ya ampea 1 na 1N5822 ni ya ampea 3, zote za volti 40. Udhaifu wake ni huo wa volti ndogo ya kinyume, na kwamba zikipata moto huvuja kuliko za kawaida. Usiweke Schottky ya volti 40 mahali palipokuwa na 1N4007 kwa sababu tu mtu amekwambia ni bora.

Kuna namba ya nne, kasi, ambayo inawatesa wanaotengeneza chaja za simu na inveta. 1N4007 inachelewa kufunga umeme unapogeuka. Kwa umeme wa nyumbani unaogeuka mara 50 kwa sekunde haina shida. Ndani ya chaja ya kisasa umeme unakatwa mara makumi elfu kwa sekunde, na kabla haijafunga mkondo umeshaanza kurudi nyuma kupitia hapohapo, kwa hiyo inachemka na kufa ndani ya dakika chache. Palipokuwa na diodi ya kasi kama FR107 au UF4007 rudisha ileile au yenye kasi zaidi. Upande wa kutolea wa volti 5 huwa na Schottky, mfano SB540 ya ampea 5. Umbo lisikudanganye, maana UF4007 na 1N4007 ukizifuta maandishi hutazitofautisha kwa macho.

Kupima

Weka mita ya dijitali kwenye alama ya diodi. Zima kifaa, toa betri, na kapasita kubwa zimwage kwa kuziunganisha na rezista (kipande kinachopunguza mkondo) ya kilo-omu 1 hadi 10 yenye wati kadhaa. Kapasita ya chaja inaweza kukaa na volti 300 dakika nyingi baada ya kuchomoa plagi. Ukiimwaga kwa bisibisi itaruka cheche na kuharibu njia za bodi, na mkono wako uko palepale.

Waya mwekundu kwenye anodi, mweusi kwenye kathodi. Silikoni nzima husoma 0.5 hadi 0.7, Schottky 0.15 hadi 0.3. Geuza nyaya, mita ioneshe OL au 1 upande wa kushoto, maana yake hakuna njia. Ikisoma karibu na sifuri pande zote mbili, imepiga shoti. Ikionesha OL pande zote mbili, imekatika. Shoti mara nyingi ndiyo hatua ya kwanza ya kifo, na ikiendelea kulazimishwa mkondo mkubwa, waya wa ndani huyeyuka na hapo ndipo inakatika. Ukikuta iliyokatika na mwili umepasuka, jua kwamba mkondo mkubwa ulipita na fyuzi haikuwahi. Kagua fyuzi, huenda mtu ameweka waya badala yake.

Ikiwa bado iko kwenye bodi, mita inaweza kusoma vitu vilivyo sambamba nayo, kama nyuzi za transfoma, na ukadhani ni shoti. Inua mguu mmoja ndipo upime. Mita ya mshale nayo ina jambo lake. Kwenye kupima omu, nyingi hutoa chanya kwenye waya mweusi, kwa hiyo majibu yanakuja kinyume.

Diodi ya Zener, ile inayotengenezwa ipitishe mkondo wa kinyume ikifika volti maalumu, hupimwa hivyohivyo kujua kama ni nzima, lakini volti yake ya kazi mita haiwezi kuionesha. Tumia paneli ya volti 21 iliyo juani. Unganisha chanya kwenye rezista ya kilo-omu 1, rezista kwenye kathodi ya Zener, anodi kwenye hasi, kisha pima volti juu ya Zener. 1N4742A isome karibu 12, 1N4733A karibu 5.1. Mkondo kwa ile ya volti 12 ni milliampea 9 tu, hauwezi kuidhuru.

Kunyoosha umeme kwa betri au redio

Chukua transfoma ya volti 12, daraja la diodi nne, na kapasita. Mengi hapa yanakwenda kombo kwa sababu watu wanatarajia volti 12 itoke. Volti 12 ya transfoma ina kilele cha 17. Diodi mbili ziko njiani kila wakati, zinakata 1.4, inabaki 15.6. Bila mzigo transfoma ndogo hutoa zaidi ya maandishi yake, na unaweza kuona 18 au 19. Kapasita ya volti 16 hapo itavimba, weka ya volti 25 au 35.

Kuyumba kwa volti kunapatikana kwa kugawanya mkondo kwa 100, ambazo ni mara za kujazwa kapasita kwa sekunde, kisha kwa faradi za kapasita. Kwa ampea 1 na maikrofaradi 4700, volti inayumba kwa 2.1 hivi. Inatoka 15.6 hadi 13.5, na 7812, kidhibiti cha kutoa volti 12 kamili, ambayo kwa kawaida huhitaji karibu volti 2 juu ya 12 zake, inaanza kukosa. Ndio mngurumo unaousikia kwenye spika. Ongeza kapasita ifike 10000, au punguza mzigo. Ukitumia diodi moja badala ya daraja, kapasita inajazwa mara 50 tu na kuyumba kunakuwa mara mbili.

Transfoma iliyoandikwa ampea 2 haitakupa ampea 2 za mkondo mnyoofu. Kapasita hujazwa kwa mafungu mafupi makali ya mkondo, na nyaya za transfoma zinachemka kwa mafungu hayo. Hesabu ampea 1.2 na utalala salama.

Kuhusu kuchaji betri ya gari kwa transfoma na daraja bila kitu cha kudhibiti: usifanye, au usiiache peke yake. Betri ya risasi na asidi hutakiwa isipite 14.4 hivi. Daraja lile litaendelea kuisukuma hadi zaidi ya 15, maji yachemke na hewa ya haidrojeni ijae chumbani.

Ukigeuza diodi moja kati ya nne, transfoma inapigwa shoti kwa nusu ya kila mzunguko. Fyuzi ya upande wa 230 itakata kama ni ya kiasi sahihi. Kwa kuwasha mara ya kwanza, unganisha balbu ya nyuzi ya wati 60 mfululizo na transfoma. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, zima ukatafute kosa.

Sola chini ya minazi na mikorosho

Diodi za kiboksi cha nyuma, zinazoitwa baipasi, zinakaa sambamba na kundi la seli, kathodi ikielekea upande wa chanya. Paneli ya seli 36 huwa na mbili, kila moja ikilinda seli 18. Paneli ya seli 60 huwa na tatu, kila moja seli 20. Mchana mzuri hazifanyi kazi kabisa. Zinaamka pale seli moja inapofunikwa na jani la mkorosho, kuti la mnazi, au kinyesi cha ndege. Seli iliyofunikwa haizalishi, na zile nyingine zinajaribu kulazimisha mkondo wao upite ndani yake kinyume. Bila baipasi seli hiyo inageuka kuwa hita. Inakuwa ya kahawia, plastiki ya nyuma inaungua, na kioo kinaweza kupasuka. Baipasi inaupa mkondo njia ya pembeni.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Baipasi inalinda paneli, haikuokolei chaji. Kwenye mfumo wa paneli moja ya seli 36 na betri ya volti 12, nusu moja ikirukwa, iliyobaki inatoa chini ya volti 10, na betri haichajiwi hata kidogo. Kivuli cha upana wa kiganja kwenye seli moja kinaweza kufuta chaji yote ya saa hizo. Kwa nyumba zilizozungukwa na minazi, kama ilivyo Msimbati au Sudi, kukata makuti mawili yanayopita mbele ya paneli kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri kunalipa kuliko kuongeza paneli ya pili kivulini.

Kupima baipasi iliyopiga shoti ni rahisi, kwa sababu volti inaanguka kwa nusu, au kwa theluthi kwenye paneli ya seli 60, ambayo hutoka 37 hadi 25 hivi. Iliyokatika ni mjanja, maana volti inabaki 21 na kila kitu kinaonekana sawa hadi siku seli inapoungua. Fanya hivi: tenganisha paneli na mfumo, ifunike kwa turubai, weka mita kwenye tundu la ampea 10, unganisha nyaya za mita moja kwa moja na paneli, kisha funua. Paneli ya wati 100 jua likiwa kali itasoma ampea 5.5 hadi 6. Funika seli moja kamili kwa kipande cha boksi. Mkondo ukibaki karibu uleule, baipasi ya kundi hilo ni nzima. Ukianguka sana, imekatika. Rudia kwa kundi lingine. Kwa paneli zinazotoa zaidi ya ampea 9, tumia mita ya kubana waya ili usiunguze fyuzi ya mita.

Badala ya iliyokufa, kwa paneli ya wati 100 hadi 150, weka 10SQ045, ambayo ni Schottky ya ampea 10 na volti 45, au 15SQ045 kama nafasi inatosha. Sisi tungeweka ya 15 kila inapopatikana. Ampea 6 zikipita kwenye 0.45 ni wati 2.7 za joto ndani ya kiboksi kilichofungwa, nyuma ya paneli ambayo yenyewe ina nyuzi 60 na zaidi. Hapo ndipo uvujaji ule unaporudi. Kivuli kikiondoka ghafla, diodi iliyopata moto inageuziwa volti ya kinyume ikiwa bado inavuja. Uvujaji unazalisha joto, joto linaongeza uvujaji, na kama kiboksi hakipitishi joto nje inakwenda moja kwa moja hadi shoti. Diodi kubwa yenye miguu minene iliyobanwa vizuri inakatiza mzunguko huo.

Na kubanwa ndilo suala la chumvi. Upepo wa bahari huleta chumvi, chumvi inavuta unyevu usiku, shaba inaota kijani, mguso unakuwa na ukinzani, na mguso unachemka kando ya diodi. Ukikuta diodi imekufa na plastiki imeungua kwenye kibanio kuliko kwenye diodi yenyewe, muuaji ni mguso. Kwangua hadi metali ing'ae, lehemu badala ya kutegemea kibanio kilicholegea, kisha paka vanishi isiyo na rangi kwenye viungo. Tundu la waya likae chini, waya ushuke kidogo ndipo upande, ili maji yadondoke kabla ya kuingia. Usijaze kiboksi kwa ile gundi ya silikoni inayonuka siki, kwa sababu harufu hiyo ni asidi, na italila shaba taratibu ndani ya kiboksi ulichodhani umekiziba.

Diodi ya kuzuia, ile inayowekwa mfululizo na paneli ili betri isirudi usiku, kwenye mfumo wa paneli moja na chaji kontrola nzima haihitajiki. Kontrola inafanya kazi hiyo.

Boti, gari na pikipiki

Ndani ya alteneta ya gari kuna diodi sita kubwa zinazonyoosha mikondo mitatu, na katika nyingi kuna tatu ndogo za kulisha uga, yaani koili inayotengeneza sumaku ya alteneta. Moja ikikatika, chaji inapungua na redio inaimba kwa kufuata mwendo wa injini. Moja ikivuja, betri inaamka haina kitu. Injini ikiwa inanguruma na taa zimewashwa, weka mita kwenye volti za AC juu ya vichwa vya betri. Ukiona zaidi ya 0.5 hivi, shuku diodi.

Zinauawa na tabia mbili. Ya kwanza ni kuchomoa betri injini ikiwa inawaka ili kupima kama alteneta inachaji. Mkondo uliokuwa unaingia kwenye betri unakosa pa kwenda, volti inaruka juu kupita makumi, na diodi pamoja na vifaa vingine vinapata kipigo. Ya pili ni kugeuza nyaya wakati wa kuwashia kwa betri ya mwenzako. Kwa sekunde hiyo, diodi zote sita ziko wazi mbele ya betri yenye mamia ya ampea.

Kwa redio ya boti, kipima kina au pampu, kinga dhidi ya kugeuza nyaya ni fyuzi kwenye chanya, kisha baada ya fyuzi diodi ya 1N5408 sambamba na kifaa, kathodi upande wa chanya. Nyaya zikigeuzwa, diodi inafunguka na fyuzi inakata. Haikati volti yoyote wakati wa kazi ya kawaida, tofauti na diodi ya mfululizo inayokula 0.7 kila siku. Fyuzi iwe ndogo, ampea 3 hadi 5, na iwe fyuzi ya kweli, maana hapo waya ulioviringishwa hautamlinda yeyote.

Rilei za honi na pampu, yaani swichi zinazovutwa na sumaku ya koili, zinahitaji 1N4007 juu ya koili, kathodi kwenye chanya. Koili ikikatiwa umeme inajaribu kuendeleza mkondo wake na kuzalisha mamia ya volti, ambazo zinaua transista, swichi ya kielektroniki inayoiendesha. Ukiweka diodi hiyo kinyume, transista inapata shoti mara ya kwanza tu unapowasha.

Taa za dagaa

Kila taa ya LED iliyoirithi karabai baharini ni diodi. LED nyekundu ya Nick Holonyak ilionekana mwaka 1962. Ya buluu, ambayo ndiyo msingi wa mwanga mweupe, iliwapa Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. LED nyeupe hufunguka karibu volti 3.1, na baada ya hapo volti ikiongezeka kidogo mkondo unaruka sana. Ndiyo maana haiungwi moja kwa moja na betri.

Kwa LED ndogo za milliampea 20, unganisha tatu mfululizo, jumla 9.3. Hesabu rezista kwa volti ya juu kabisa ya betri, 14.4 wakati wa kuchaji, wala si 12. Inabaki 5.1, gawanya kwa 0.02, unapata omu 255, weka 270. Betri ikishuka hadi 12, mkondo unakuwa milliampea 10 na mwanga unafifia. Anayetaka mwanga usiobadilika usiku kucha, na LED zote za wati 1 na zaidi, zenye milliampea 350, anunue draiva inayodhibiti mkondo. LED nyingi zinavumilia volti 5 tu za kinyume, kwa hiyo mtungo wa taa za boti nao unastahili kinga ileile ya fyuzi na diodi.

Kununua

Diodi bandia zipo, hasa kwenye zile kubwa. 10A10, ya ampea 10, huwa na miguu minene karibu milimita 1.3, na 1N4007 karibu 0.8. Ukipewa "10A10" yenye miguu kama sindano ya cherehani, rudisha. Beba sumaku ndogo. Miguu ya shaba hainaswi, na diodi ya ampea nyingi yenye miguu inayonasa sumaku ni ya kutilia shaka.

Kipimo cha mwisho ni mzigo. Chukua betri ya gari, balbu ya taa ya mbele ya wati 55 ya volti 12, na diodi, vyote mfululizo na fyuzi ya ampea 10. Zinapita ampea 4.6 hivi. Acha dakika kumi, ukipima volti juu ya diodi mwanzoni na mwishoni. 10A10 ya kweli itabaki chini ya volti 0.9 na namba itashuka kidogo kadiri inavyopata joto. Kwa 1N4007 tumia balbu ya wati 10, na isome chini ya volti 1. Ikisoma zaidi ya hapo, au ikianza kunuka, uliyouziwa ni ya ampea ndogo iliyoandikwa jina la kubwa.